Mwanzo wa Bi Atija

Waosha maiti ya mama walipotoka chumbani kuniuliza mkeka wa kufunikia jeneza, sikuhitaji kufikiri. Nilifungua sanduku la mama, nikauvuta ule uliokuwa chini kabisa, na kabla sijaukunjua harufu ikanijia usoni: ukindu wa siku nyingi uliochemshwa na rangi, harufu iliyo katikati ya majani ya chai yaliyoungua na tope la mikokoni maji yanapokupwa. Nilikaa chini pale pale. Watu walidhani ni kilio kimenishika. Kilio kilikuwapo, lakini kilichonikalisha ni kwamba harufu ile ilinirudisha kwenye baraza yetu ya zamani, nikiwa mtoto wa gauni moja, nikiamini kwa moyo wangu wote kuwa mama yangu anageuka kupe.

Mkeka ulirudishwa kutoka makaburini jioni ile. Baada ya hitima, mwanangu wa kwanza, ambaye ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu pale Chikongola mjini Mtwara, aliukunjua akaupitisha kidole juu ya nakshi. Katikati ya nyekundu na nyeusi palikuwa na chane moja nyeupe, ukindu mtupu usiotiwa rangi, imepita peke yake toka pindo hadi pindo. Akaniuliza kama hapo bibi yake alikosea. Nikamwambia hapana, hilo ni jina la mtu, nikamsimulia yote. Aliponisikiliza hadi mwisho alisema katika kazi yake nayo mambo ni hayo hayo. Programu ina mwenyewe, mwenyewe ametoa ruhusa kwa masharti, na watu wanaichukua bila kuomba, na cha kwanza wanachofanya ni kufuta jina la mwenyewe. Wateja wanamwambia kila mtu anafanya hivyo, kwa nini yeye ajifanye malaika. Sheria anaijua, ila sheria iko mbali na meza yake na mteja yuko karibu. Shule yangu mimi iliishia darasa la saba, na kompyuta siijui. Ninachokijua ni mkeka.

Tulikaa katika kijiji kimoja cha pwani, kati ya Msimbati na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini. Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamekusanywa kutoka huku na huko, nyumba zikapangwa mistari kama madawati, na baba alilazimika kutembea nusu ya asubuhi kufika kwenye mikorosho yake aliyoiacha. Lakini sisi watoto tuliupenda upya ule. Kila kitu kilianza kuitwa chetu: shamba letu, duka letu, kisima chetu. Shuleni tuliimbishwa kwamba mnyonyaji ni kupe, anakaa mgongoni mwa mwenzake akivimba kwa damu isiyo yake. Mwalimu wetu, kijana kutoka bara, alimchora kupe ubaoni akamvika kofia. Aliposema kupe anakaa juu ya ng'ombe hatukumwelewa sana, maana kwetu ng'ombe hawakuwapo. Kupe wa mbwa tuliwajua vizuri. Tuliwahi kuwabandua na kuwapasua kwa jiwe.

Mama alikuwa msusi. Kila mwanamke pale alisuka mikeka, lakini nakshi ya mama ilikuwa yake peke yake kijijini. Iliitwa njia ya kaa, kwa kuwa ilikwenda ubavu, ikasimama, ikarudi, kama alama za kaa kwenye tope la mikokoni. Na kwetu nakshi ilikuwa na mwenyewe. Ukiitaka, ulikwenda kwa mwenyewe ukakaa chini ukasema, "Naomba mwanzo." Mwanzo ni kipande cha kwanza cha ukili, ule utepe unaosukwa kisha kushonwa kuwa mkeka, shubiri moja tu, na chane za rangi zimeshapangwa humo. Ukishapewa shubiri ile, mkono wako unaendelea wenyewe. Anayekupa anakupa pamoja na sharti lake. Wengine walitaka mkeka wako wa kwanza, wengine walitaka uwataje. Aliyesuka nakshi ya mtu bila kuomba hakupelekwa mahakamani wala kwa balozi wa nyumba kumi. Alisemwa kisimani, na zamani zile kusemwa kisimani kulitosha.

Siku moja alikuja Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali aliyeshughulikia vikundi vya kina mama. Alikuwa msichana wa Kikristo kutoka Upareni, mpole, mwenye baiskeli na viatu vya kufunga kamba, na alipozungumza na wanawake alikaa chini kama wao. Alieleza kwamba duka la kazi za mikono huko mjini limeuona mkeka wa njia ya kaa, na linataka mikeka mingi ya namna ile. Kikundi cha kina mama kikiweza kujaza lori msimu wa korosho utakapokwisha, kijiji kitapata mashine ya kusaga. Sijui niwaambieje vijana wa leo maana ya maneno yale. Mtama na muhogo mkavu vilitwangwa kila siku kwa mchi. Viganja vya mama vilikuwa vigumu kama kisigino. Neno mashine lilipotajwa wanawake waliguna wote kwa pamoja, kisha wote wakamgeukia mama.

Mama alisema atasuka kadiri ya nguvu zake, ila mwanzo hawezi kutoa, kwa kuwa si wake.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa shangazi yangu, Sharifa, dada wa baba, mwanamke wa sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Yeye na mama walitaniana tangu mama alipoolewa. Akamwuliza, "Wifi, umeanza ubepari wa ukindu?" Watu wakacheka, na mama naye akacheka, kisha akaeleza. Mwanzo ule ulikuwa wa Bi Atija. Wengi walimkumbuka: mwanamke wa Kimakua aliyevuka mto wakati vita vikiwaka ng'ambo, ambaye kwa miaka kadhaa alilala jikoni kwetu. Alikuja na furushi la ukindu na mikono yake miwili, hana kingine. Alimpa mama mwanzo wa njia ya kaa, akamwambia asuke, auze, alishe watoto, lakini asimpe mtu mwingine yeyote mpaka yeye Atija aulizwe. Vita vilipokwisha alirudi kwao kupitia kivuko cha Kitaya. Mama aliomba kikundi kimpe muda, apeleke salamu Kitaya, watu wa mitumbwi wamwulizie.

Salamu zilipelekwa. Hazikurudi na jibu. Bibi Maendeleo alikuja tena akasema anaiheshimu ahadi ya mama, lakini lori lina siku yake, huyo Bi Atija huenda hayuko hai, na ujuzi katika taifa changa ni wa wote. Nilikuwa nimejibanza mlangoni nikisikiliza, na nilikubaliana naye kabisa. Hata leo siwezi kusema alikuwa na nia mbaya. Alitutakia unga.

Asubuhi moja shangazi Sharifa alikaa kwenye baraza yake, mbele ya watu, akautandika mkeka wa njia ya kaa aliokuwa ameununua kwa mama, akaanza kuufumua kwa ncha ya shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Habari ilitufikia kabla uji haujapoa. Mama alijifunga kanga akaenda, nami nikamfuata nyuma. Wanawake walikuwa wameshajaa.

"Wifi, mkeka wangu unaufumua?"

"Mkeka wako?" Shangazi hakuinua kichwa. "Niliununua kwako. Nikitaka nitaulalia, nikitaka nitaufumua, nikitaka nitausonga ugali."

"Mkeka ni wako kweli. Ulalie, uchome moto. Lakini mwanzo hukununua. Mwanzo sikuuza."

"Si umo humu humu ndani?"

"Umo," mama akasema. "Hata mimi nimo ndani ya nyumba ya kaka yako. Lakini alikuja kuposa."

Wanawake walicheka hadi mmoja akaangusha ndoo, na safari ile hawakucheka upande wa shangazi. Yeye mwenyewe alijizuia, bega likamtikisika. Lakini mkono haukusimama. Alikuwa fundi, na fundi akifumua hapotezi. Kufika adhuhuri alishajua ni chane ipi inapita juu ya ipi, na kufika alasiri nusu ya kikundi walikuwa wamekaa kumzunguka wakijifunza.

Hawakumfukuza mama. Alitoa fungu lake kama wenzake, mikeka myeupe isiyo na nakshi, na aliyeipokea aliipokea bila kumtazama. Kisimani maneno yalikatika alipofika. Watoto wenzangu waliujua wimbo wa shuleni vizuri, na nilipopita waliuimba. Nilirudi nyumbani nikimtazama mama kwa jicho jipya. Alikuwa na kitu ambacho wote walikihitaji, naye hataki kukitoa. Kwa hesabu ya darasa letu, jambo hilo lilikuwa na jina moja tu.

Kisha tumbo lake likaanza kuvimba.

Zamani mtoto hakuambiwa mambo hayo. Nililiona tumbo likikua, nikakumbuka ubao na kupe mwenye kofia, nikaona yote yanalingana. Nilimchungulia akioga nitazame mgongo. Nilimtazama miguu. Nilijaribu kujua damu anayokunywa ni ya nani, na kwa kuwa baba alikuwa amekonda kwa safari za kwenda kwenye mikorosho, nilimwonea baba huruma sana. Mwishowe sikuweza kuvumilia. Alikuwa barazani anasuka, nikamwuliza, "Mama, unamnyonya nani?"

Aliuliza nani kaniambia ananyonya. Nikanyoosha kidole kwenye tumbo. Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha kicheko kikaisha, kwa kuwa alijua nimekitoa wapi. Alisema, "Huyu ndiye anayeninyonya mimi," jibu ambalo lilinitisha zaidi. Halafu akaniweka karibu, akanipa mwisho wa chane niushike ili ukili usilegee, akaniambia bila kunitazama, "Kitu ukipewa na mtu kwa sharti, na lile sharti pia umepewa. Huwezi kubeba kimoja ukaacha kingine njiani."

Sikuelewa. Lakini niliishika ile chane kwa nguvu zangu zote.

Siku ya lori tulikwenda wote. Mikeka ilikuwa imetandazwa mbele ya ghala la kijiji ihakikiwe, na lazima niseme kweli, ilipendeza. Mama alipita polepole, tumbo mbele, akiinama mkeka hadi mkeka. Kisha akajifunika mdomo kwa upindo wa kanga na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono. Alikuwa anacheka. Katika kila mkeka, bila kuacha hata mmoja, chane moja nyeupe ilipita peke yake toka pindo hadi pindo. Mimi mwenyewe siku zote niliamini ni mahali rangi ilipomwishia mama. Ilikuwa alama ya Bi Atija, sharti lake lingine, ambalo mama hakuwahi kulitaja kikundini. Shangazi alikuwa ameiiga nakshi nzima pamoja na jina la mwenyewe. Alipomwuliza mama kinachomchekesha, mama alijifuta macho akasema, "Hakuna kitu, wifi. Mmesuka vizuri." Na lori likaondoka.

Mashine ilikuja, ikafungwa ghalani. Ilipiga kelele ikatoa moshi, na ikikosa dizeli tulirudi kwenye vinu, lakini ilikuja. Unga wake tulikula na sisi, na mama aliupangia foleni kama wengine. Mdogo wangu alizaliwa katika siku zile. Nilimkagua miguu yote miwili kabla ya kukubali kuwa ni mtu.

Mvua zilipokatika aliingia kijijini mwanamke mgeni, ametembea kutoka Msimbati na furushi kichwani. Alisema Kiswahili kwa kukitafuta, kama mtu anayevuka maji asiyoyajua kina chake. Alikuwa amekuja Mtwara kumtibisha mtoto, na barazani mwa duka moja la mjini akaona mikeka imeanikwa juani. Aliijua kabla hajafika karibu. Wenye duka wakamtajia kijiji chetu. Shangazi Sharifa alimpokea ghalani akidhani ni mnunuzi, akamkunjulia mkeka baada ya mkeka akiusifu. Yule mwanamke aliitazama yote. Kisha akasema jina lake ni Fatima, mama yake ni Atija, na akauliza, "Nani kwenu alipewa na mama yangu?"

Nilikuwapo, nikisubiri unga. Shangazi akainama akaanza kutafuta shazia iliyokuwa mkononi mwake. Ni mwanamke mmoja wa nyuma aliyesema nikamwite mama.

Mama alikuja na mtoto mgongoni. Nilijua, kama wote walivyojua, kwamba neno moja lake litatosha: hawa waliiba, mimi nilikataa. Kijiji kizima kingeitwa wezi mbele ya mgeni, na yeye angetoka pale safi. Nilitaka sana aliseme. Nilitaka wale walioniimbia wawepo walisikie.

Lakini Fatima hakuja kushtaki. Alieleza, na mama akimsaidia maneno alipokwama, kwamba vita viliwatenganisha yeye na mama yake akiwa mdogo, na walipokutana tena vidole vya Bi Atija vilikuwa vimekwisha kukakamaa. Hakuweza kumfundisha. Alipokaribia kufa alimwambia mwanzo wake uko ng'ambo, kwa mwanamke aliyempa jiko lake alale. Salamu za mama zilimkuta amekwisha kuzikwa, na aliyezileta hakukumbuka jina la aliyezituma wala kijiji chake. Fatima akapiga magoti pale kwenye sakafu ya unga. "Naomba mwanzo," akasema.

"Inuka," mama akasema. "Wewe huombi. Wewe unarudishiwa."

Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaomba chane. Mikono mingi ilimpa. Alisuka shubiri moja, na wanawake walisogea, maana mwanzo ule haukuwa na fundo. Wao waliingia kwenye nakshi kwa katikati, kwa hiyo kila mkeka wao ulianza kwa fundo pembeni, na mafundo yale yalikuwa yameanza kulika na kuachia. Shangazi ndiye aliyenyoosha shingo kuchungulia kuliko wote. Mama akaufunika ukili kwa upindo wa kanga wasiuone, akausuka uliobaki kwa kupapasa, akautia mkononi mwa Fatima na kuvikunja vidole vyake juu yake.

Fatima akauliza, basi ile mikeka ya mjini ni ya nani.

"Ya wenzangu hawa," mama akasema. "Walisuka bila kuomba. Mimi sikuwa na ruhusa ya kuwapa, na wao walikuwa na shida ya kweli. Sasa mwenyewe umefika. Ngoja waombe."

Hakupandisha sauti wala hakumtazama mtu. Hakudanganya kwa ajili yao, wala hakuwatupa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimesikia watu waliosoma wakizungumza, na bado sijamsikia mtu aliyesema kweli yote kwa maneno machache namna hiyo na asibaki na adui. Huyo alikuwa mama yangu mimi.

Wanawake walitazamana. Mwenyekiti hawezi kumtuma mtu kupiga magoti kwa niaba yake. Shangazi Sharifa aliweka shazia chini, akajishusha goti moja kisha la pili, mwili wake wote mkubwa, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Naomba mwanzo, binti yangu. Nilichelewa kuomba."

Fatima alivuta mkeka uliokuwa karibu, akaweka kidole. "Chane ya mama mmeiacha mahali pake."

"Tumeiacha." Shangazi akasita. "Nisikuongopee. Hatukujua ni kitu gani. Tuliogopa tukiitoa nakshi itafumuka."

Fatima alimtazama, akamtazama mama, kisha akacheka, na alipocheka ghala lote likapumua. Akasema wasiitoe, kwa kuwa sasa wanajua ni nini, na mkeka wa kwanza wa kila mmoja utandikwe msikitini Bi Atija aombewe. Kisha akamgeukia mama. "Wape wewe. Mimi mkono bado haujui. Nitajifunza pamoja nao."

Mama alimfungua mtoto mgongoni akanipa nimpakate. Shangazi Sharifa, mwenyekiti wa kina mama wote wa kijiji, akakaa chini akanyoosha miguu kama mwari, bega kwa bega na mgeni, akasubiri. Mama aliuchukua mkeka wa wifi yake, akaukagua pembeni, akatikisa kichwa.

"Lete shazia, wifi," akasema. "Tulifungue kwanza hili fundo lako."